Brennan, Mitchell, McDaniel au Lorre: uanze na nani kati ya wakongwe wa pembeni wa Hollywood?

Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tulijua watu wawili tu kwenye picha: steringi na adui. Waliobaki wote walikuwa wa kufa. Steringi anapigwa risasi tano na bado anakimbia. Rafiki yake anakwaruzwa bega, anatoa wosia mrefu, anakata roho. Hakuna aliyeuliza jina la huyo rafiki.

Ilinichukua miaka kugundua kwamba picha nyingi nilizozipenda, nilizipenda kwa ajili ya hao watu wa kufa. Hasa zile za Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940. Studio za wakati ule ziliweka wazee, walevi, mahakimu, yaya na majasusi kama fundi anavyoweka spana: kila moja na nati yake. Sura unaijua, jina linakupiga chenga.

Juzi binamu yangu, ambaye naye ameanza kuugua ugonjwa huu wa picha nyeusi na nyeupe, aliniuliza amfuatilie nani kwanza. Nikamtajia wanne: Walter Brennan, Thomas Mitchell, Hattie McDaniel na Peter Lorre. Kesho yake akarudi amechanganyikiwa kuliko mwanzo. Basi nawapanga hapa wote wanne kwenye mizani moja, kwa ajili yake na kwa yeyote aliyekwama kama yeye.

Ninavyowapima

Vigezo ni vinne. Kwanza, mlango walioingilia, maana mtu aliyepitia umati wa kujazia picha haigizi kama aliyetoka jukwaani. Pili, na hiki ndicho kigezo changu kikubwa, wanafanya nini wakati steringi anaongea. Kusema maneno yako vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusikiliza huku kamera inamtazama mwenzako. Tatu, kazi iliwalipa nini na ikawanyima nini. Nne, ugumu wa kuwatazama leo, kwa sababu picha za miaka themanini iliyopita zina mambo yake.

Idadi ya tuzo nimeiacha nje makusudi. Oscar ya waigizaji wasaidizi ilianza na filamu za mwaka 1936, na kwa miaka kadhaa washindi wake walipewa bamba la ukutani huku waigizaji wakuu wakiondoka na sanamu. Isitoshe, miaka ile ya mwanzo hata watu wa kujazia umati walipiga kura. Brennan alikuwa mwenzao, na wengi wanaamini kura zao zilimbeba. Lorre kwa upande wake hakuteuliwa hata mara moja. Ukipima kwa mabamba utamwacha Lorre nje, na hilo litakuwa kosa.

Mlango walioingilia

Brennan alizaliwa Lynn, Massachusetts, mwaka 1894. Alipigana Vita ya Kwanza ya Dunia kule Ufaransa katika kikosi cha mizinga, kisha akaishia California, akachuma pesa kwenye biashara ya viwanja, na pesa zikayeyuka. Hapo ndipo alipoanza kujipanga foleni na watu wa kujazia umati: leo mpita njia, kesho mnywaji wa baa, keshokutwa maiti. Akasota hivyo miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ajali ya kazini ikamng'oa meno ya mbele, na msiba huo ukageuka mtaji. Inasimuliwa kwamba akipewa nafasi, swali lake la kwanza kwa mwongozaji lilikuwa: na meno au bila meno? Akiyavaa, ni mtu wa makamo. Akiyavua, ni babu wa miaka sabini.

Mitchell alipita mlango wa heshima. Mtoto wa wahamiaji wa Ireland, alizaliwa Elizabeth, New Jersey, mwaka 1892, akawa mwandishi wa magazeti, kisha mwigizaji wa jukwaani, kisha mtunzi na mwongozaji wa tamthilia pale Broadway. Alipohamia Hollywood kwa dhati mwaka 1936 alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na hakuhitaji kufundishwa chochote.

McDaniel alizaliwa Wichita, Kansas, katika miaka ya 1890. Wazazi wake walizaliwa utumwani, na baba yake alipigana katika Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani. Alikulia Denver na kuzunguka na vikundi vya maonyesho akiimba. Soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929, maonyesho yakafa, naye akajikuta anahudumia chooni kwenye klabu moja karibu na Milwaukee, anawapa wateja taulo, mpaka usiku mmoja akapewa nafasi ya kuimba na hakurudi tena chooni. Mwaka 1931 akahamia Los Angeles. Redioni alikuwa nyota mdogo, lakini mshahara haukutosha, hivyo akaendelea kufanya kazi za ndani. Kwa hiyo alipoanza kupewa nafasi za yaya kwenye filamu, alikuwa anaigiza kazi anayoijua kwa mikono yake.

Lorre aliingia kwa kukimbia. Jina la kuzaliwa ni László Löwenstein, Myahudi, mzaliwa wa mwaka 1904 katika mji ambao leo uko Slovakia. Mwaka 1931 Fritz Lang alimpa nafasi ya muuaji wa watoto katika *M*, filamu ya Kijerumani, na Ulaya nzima ikaijua sura ile ya macho makubwa. Miaka miwili baadaye Hitler akashika madaraka. Lorre akaondoka Berlin, akapita Paris, akafika London, ambako Alfred Hitchcock alimpa kazi wakati Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Baadhi ya maneno aliyasema kwa kukariri sauti tu.

Wanafanya nini steringi anapoongea

Hapa ndipo penye utamu, na sitamgawia kila mmoja dakika sawa.

Anza na Mitchell katika *Stagecoach* ya mwaka 1939, iliyompa Oscar. Ni daktari mlevi aliyefukuzwa mjini, na ndani ya gari la farasi anajifanya ndugu wa damu wa muuza wiski kwa sababu tu begi la yule bwana limejaa chupa za sampuli. Tunacheka. Kisha mwanamke anashikwa na uchungu wa kuzaa njiani, na mlevi huyu ndiye daktari pekee. Anaagiza kahawa, nyingine, na nyingine tena, mpaka pombe imtoke. Lakini sini ninayoirudia ni ya karibu na mwisho, baa, pale anapomwambia jambazi aiache bunduki. Anasimama wima, hana silaha, sauti haipandi. Jambazi anaondoka. Ndipo daktari anapomgeukia mwenye baa kuomba kinywaji, na kumsihi asimruhusu tena kufanya ujinga kama ule. Ujasiri wote ulikuwa wa mkopo, na deni linaonekana mkononi.

Ujanja wa Mitchell ni kugeuka katikati ya sentensi. Katika *High Noon* (1952) yeye ni meya anayesimama kanisani kumtetea sherifu. Anamsifu, anamsifu tena, waumini wanatikisa vichwa, na wewe unaanza kupumua. Halafu sifa zilezile zinageuka kuwa sababu ya kumwambia aondoke mjini. Hakupaza sauti wala hakubadilisha uso. Kama umewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo ambapo mzee anakusifia huku anakunyang'anya shamba, mtu huyu unamjua.

Brennan hageuki, Brennan anajaza. Miguu, shingo, kicheko cha kuku, mdomo usiotulia. Katika *Red River* (1948) ni mpishi wa msafara wa ng'ombe aliyecheza karata na kupoteza meno yake ya bandia. Aliyeshinda anamrudishia wakati wa kula tu. Angalia John Wayne anapotoa amri nzito mbele, Brennan nyuma anatafuna maneno kama mtu anayetafuta jiwe kwenye wali. Lakini usidanganyike na uchekeshaji. Katika *My Darling Clementine* (1946) ni baba wa majambazi, na anapowachapa wanawe wazima kwa kiboko kwa kuwa walichomoa bastola bila kuua, huoni babu wa kuchekesha popote. Ni macho yaleyale. Kilichoondoka ni joto tu.

McDaniel alikuwa na silaha ambayo hao wanaume hawakuwa nayo: kunyamaza kwa kejeli. Tazama karamu ya chakula cha jioni katika *Alice Adams* (1935). Familia ya uwezo mdogo imemkodi yaya kwa usiku mmoja ili kumvutia bwana wa kitajiri. Joto ni kali, supu ni ya moto, kofia ya yaya inateleza kichwani. Katharine Hepburn anaongea bila kupumua akijaribu kuokoa heshima ya nyumba, na McDaniel anazunguka meza taratibu, anatafuna, uso wake unasema yote ambayo hakuna aliyemwandikia. Karamu imekufa na aliyeiua hakusema kitu.

Kisha ngazi za *Gone with the Wind*. Mtoto amekufa, baba amejifungia na maiti, na yaya anampandisha Olivia de Havilland ngazini akimsimulia yaliyotokea. Sini ni ndefu, wanapanda hatua kwa hatua, na kila ngazi sauti yake inazidi kukatika. Nyota wakubwa wa picha hiyo hawapo hata kwenye fremu. Mama yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kununulia bidhaa tu, alilia pale. Aliuliza baadaye: "Huyu mama alifiwa kweli?"

Lorre anafanya kinyume cha Brennan: anapunguza. Sauti laini, mikono midogo, kope nzito. Katika *The Maltese Falcon* (1941) anaingia ofisini kwa Humphrey Bogart akinukia manukato, anamwelekezea bastola, ananyang'anywa, anapigwa mpaka anazimia. Akizinduka anachukizwa zaidi na shati lake lililoharibika. Bogart anamrudishia bastola, na Lorre papo hapo anamwelekezea tena. Ni mzaha, ila uso wake hautaki ujue kama ni mzaha. Mwaka uliofuata katika *Casablanca* alipewa dakika chache tu: anakabidhi hati za kusafiria, anakamatwa akimlilia Bogart amfiche, basi. Filamu nzima iliyobaki inakimbizana na alichokiacha.

Kazi iliwalipa nini, ikawanyima nini

Utaratibu ulikuwa huu: studio inakufunga kwa mkataba, kwa kawaida hadi miaka saba, huku yenyewe ikiwa na haki ya kukuacha kila baada ya miezi kadhaa. Wewe huna haki hiyo. Studio nyingine ikikutaka, yako inakukodisha kwa bei kubwa, wewe unabaki na mshahara wako na tofauti inaingia kwa bosi.

Brennan, aliyekuwa na mkataba kwa mtayarishaji Samuel Goldwyn, aliifaidi ngoma hiyo kuliko wengi. Alikuwa wa kwanza kabisa kushinda Oscar ya mwigizaji msaidizi, kwa *Come and Get It*, akaongeza ya *Kentucky* (1938) na *The Westerner* (1940). Katika hiyo ya tatu, kusema kweli, hakimu wake anakaribia kuwa steringi. Kuanzia 1957 televisheni ikampa *The Real McCoys* na utajiri wa uzeeni. Alichonyimwa? Labda uso wake mwenyewe. Alizeeshwa akiwa na miaka arobaini na hakuruhusiwa kurudi.

Mitchell alipata mwaka ambao waigizaji wengi hawaupati maisha yao yote. Mwaka 1939 peke yake alikuwa katika *Stagecoach*, *Gone with the Wind*, *Mr. Smith Goes to Washington*, *Only Angels Have Wings* na *The Hunchback of Notre Dame*. Tatu za mwanzo zilikuwa kati ya kumi zilizoshindania Oscar ya filamu bora. Mwaka 1953 akawa mwanamume wa kwanza kukamilisha Oscar ya filamu, Emmy ya televisheni na Tony ya jukwaani. Pamoja na hayo, mtaje jina mbele ya watu uone: kimya. Alifariki Desemba 1962, siku mbili baada ya Charles Laughton aliyeigiza naye *The Hunchback*. Kazi yake ya mwisho ilikuwa jukwaani, kama mpelelezi Columbo, kabla Peter Falk hajalivaa koti la mpelelezi huyo kwenye televisheni.

Kwa McDaniel hesabu haikai sawa, hata ukiipiga vipi. *Gone with the Wind* ilipozinduliwa Atlanta Desemba 1939 hakuwepo, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Georgia. Usiku wa tarehe 29 Februari 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, katika hoteli ya Ambassador ambayo haikupokea watu weusi. Kuingia kwake kulihitaji kibali maalumu, na akaketishwa meza ya pembeni mbali na wenzake wa filamu hiyo. Upande wa pili, viongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, walimlaumu kwa kukubali nafasi za yaya. Jibu lake lilijulikana: afadhali kuigiza yaya kwa mamia ya dola kuliko kuwa yaya kwa dola saba. Majirani weupe wa mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, walipokwenda mahakamani kutaka weusi wahamishwe, alikuwa miongoni mwa waliosimama kidete, na mwaka 1945 jaji akaitupa kesi ile. Alipofariki mwaka 1952, makaburi ya Hollywood aliyotaka kuzikwa yalimkataa. Bamba lake la Oscar alilirithisha Chuo Kikuu cha Howard, likapotea, na mwaka 2023 ndipo chuo kikapewa jingine. Mwanamke mweusi wa pili kushinda tuzo hiyo alikuwa Whoopi Goldberg, miaka hamsini na moja baadaye.

Lorre alilipwa umaarufu wa sauti. Hadi leo ukisikia katuni ina mtu wa ajabu anayeongea puani kwa upole, ni yeye anayeigwa. Ila sura ile ya *M* hakuivua kamwe. Maradhi yakamwingiza kwenye mofini, mwili ukanenepa, nafasi zikageuka mizaha juu ya nafasi zake za zamani. Baada ya vita alirudi Ujerumani kuongoza filamu yake moja, *Der Verlorene* (1951). Watazamaji wa kule hawakutaka kukumbushwa vita, naye akarejea Marekani.

Ugumu kwa mtazamaji wa leo

Mitchell ndiye mwepesi kuliko wote. Anaongea wazi na filamu zake zinapatikana. Brennan anahitaji maandishi ya chini, hata kwa anayekijua Kiingereza, maana lafudhi yake bila meno ni mtihani. Pia picha za makauboi zinawachora Wahindi Wekundu kama radi: wanatokea, wanaua, wanapotea. *Stagecoach* ya Mitchell ina dhambi hiyohiyo.

Kwa Lorre, ruka kwanza zile filamu nane za Mr. Moto za 1937 hadi 1939, ambamo Mzungu huyu anaigiza mpelelezi wa Kijapani. Zina mvuto wake lakini si pa kuanzia. *M* ni bora zaidi ila inahusu mauaji ya watoto, usiiwashe na familia sebuleni. Kwa wenye ucheshi wa Afrika Mashariki kuna *Beat the Devil* (1953), ambamo yeye na genge lake wamekwama bandarini Italia wakisubiri meli ya kuja kutuibia urani huku kwetu.

McDaniel ni mgumu kwa namna nyingine. Utamwona mtu mwenye kipawa kuliko chumba kizima akiwa amebeba sinia, na *Gone with the Wind* yenyewe inautazama utumwa kama enzi ya raha. Usipokasirika, rudia.

Sasa, kwa hali yako

Kama una jioni moja tu na hujawahi kutazama picha ya zamani, weka *Stagecoach*. Inakwisha kabla ya usingizi na Mitchell atakushika mkono.

Kama uko kwenye kikundi cha maigizo na mwalimu wenu anawaambia kila siku "usiigize, sikiliza", mtafute McDaniel katika *Alice Adams*, kisha *In This Our Life* (1942), ambamo ni mama wa kijana anayesingiziwa kuua mtu kwa gari. Hapo hakuna mzaha hata kidogo. Aliyechoshwa na kuitwa kuigiza mlinzi wa geti tu atajifunza kwake zaidi, na ataumia zaidi.

Kama unatazama na baba au babu anayependa makauboi, Brennan hana mpinzani. Anza na *Rio Bravo* (1959), ambamo ni mlinzi wa mahabusu mwenye mguu mbovu anayelalamika picha nzima kwamba hashukuriwi, mpaka John Wayne anapombusu utosini na yeye anamchapa na ufagio.

Kama wewe ni wa usiku, wa mvua na hadithi za watu wasioaminika, nenda kwa Lorre, *The Maltese Falcon* kwanza.

Na kama bado huwezi kuamua, *Gone with the Wind* ina wawili kati ya hawa kwa pamoja, Mitchell akiwa baba mwenye shamba na McDaniel akiwa yaya, ila andaa karibu saa nne.

Binamu nilimshauri Mitchell. Akaanza na Lorre. Jana usiku akanitumia ujumbe akiuliza yule mnene anayecheka kwa tumbo zima kwenye *The Maltese Falcon* ni nani, mbona anaonekana kaigiza miaka mingi. Nikamjibu: ni Sydney Greenstreet, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza, akiwa na miaka 61.